Fedha za nishati safi ya kupikia zinahesabu majiko, hazihesabu anayeshindwa kuyatumia

Ndugu zangu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sitaificha. Jana jioni mita ya mtungi wangu wa gesi, ile unayoilipia kwa simu kadiri unavyotumia, ilifunga valvu sufuria ikiwa inatokota, ilhali fedha zilikuwa zimeshakatwa kwenye simu yangu na ujumbe wa kuthibitisha malipo ninao. Mita ilikosa mtandao, kwa hiyo haikupokea taarifa kwamba nimelipa. Watu wa huduma kwa wateja wakaniambia nisubiri saa 24. Nikarudi kwenye jiko la kuni, na masizi yakaanza kushika ukuta ule ule niliokuwa nimeupaka rangi upya nikiamini kwamba moshi umekwisha nyumbani kwangu.

Mfumo wenyewe wa kulipa kadiri unavyotumia naupenda, kwa sababu umewaondolea wengi mzigo wa kujaza mtungi mzima kwa mkupuo. Kinachoniudhi ni namna fedha zinavyotolewa. Miradi mingi huhesabu vifaa vilivyogawiwa. Jiko likishapigwa picha na jina lako likaingia kwenye orodha, wewe umeshahesabiwa kuwa umefikiwa. Kujaza mtungi mara ya pili, betri ya mita ikifa, feni ya jiko banifu (lile linalotumia kuni au mkaa kidogo) ikiungua, hayo utajua mwenyewe. India ilianzisha mpango wa Ujjwala mwaka 2016 na kuwaunganishia gesi mamilioni ya wanawake wa kaya maskini, lakini ukaguzi wa serikali uliotolewa 2019 ulikuta wanufaika wakijaza mtungi takriban mara 3 tu kwa mwaka. Hilo lilipaswa kuwa somo kwa kila mfadhili.

Mei 2024, katika mkutano wa Paris kuhusu nishati safi ya kupikia Afrika, zilitolewa ahadi za dola bilioni 2.2, wakati Shirika la Kimataifa la Nishati lilikuwa likikadiria kwamba Afrika kusini mwa Sahara pekee inahitaji dola bilioni 4 kila mwaka hadi 2030. Fedha ni chache, nakubali. Ndiyo maana inauma zaidi kuona hizo chache zikilipia picha za majiko, huku Shirika la Afya Duniani likikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020.

Biashara ya kaboni, yaani kampuni kuuza hesabu ya hewa ukaa ambayo jiko limepunguza, ndiyo imenichosha kabisa. Nilipopewa jiko banifu kwa bei ya punguzo, nilisaini karatasi inayosema kwamba haki zote za hewa ukaa itakayopunguzwa ni za kampuni, na hakuna aliyenieleza maana yake. Utafiti uliochapishwa Januari 2024 ulikuta kwamba miradi ya majiko iliyochunguzwa ilidai kupunguza hewa hiyo zaidi ya mara 9 ya kiasi halisi, sababu mojawapo ikiwa ni kudhani kwamba jiko jipya linatumika muda wote na la zamani limeachwa. Langu liliharibika, nikaliweka kando, na hakuna aliyerudi kuuliza kama bado linawaka.

Sasa mtu asiniambie kwamba matumizi hayapimiki. Mita iliyojua gramu ya mwisho niliyoichoma, ikanifungia papo hapo, inashindwaje kutumika kumlipa mwenye mradi kwa gramu hizo hizo? Jiko la presha la umeme nalo linaweza kupimwa kwa uniti. Mfadhili atoe sehemu ya fedha mwanzoni, nyingine aitoe kadiri kaya inavyoendelea kupika, na sehemu ya mapato ya kaboni ishushe bei ya gesi kwa anayeitumia. Na mita ikipoteza mtandao, valvu ibaki wazi walau mpaka chakula kiive; deni litakatwa mtandao ukirudi.

Mwenye mkataba wa mita au wa kaboni auweke hapa, afiche jina na namba zake. Nataka tusome pamoja kile tulichosainishwa.