Mjadala: Mkoba wa 1961 ukirudi dukani leo, ni ubunifu au tunauziwa mara mbili?

Mwanzisha mada, Mji wa Kale

Salaam jamaa. Juzi nilikuwa Barabara ya Biashara hapa Mombasa na mdogo wangu tukitafuta mkoba wa harusi. Akanionyesha simuni mkoba mdogo wa kubana kwapani, eti ndio umetoka sasa. Nikamwambia mfano wake mamangu anao kabatini tangu mimi niko shule ya msingi. Jioni nikautoa, tukaulinganisha na picha: kamba fupi ile ile, kifuniko kile kile.

Makampuni makubwa ya mitindo ya Ulaya hayafichi kwamba yanarudisha mikoba ya zamani. Fendi walitoa mkoba wa Baguette mwaka 1997, kazi ya mbunifu wao Silvia Venturini Fendi, ukaitwa jina la mkate mrefu wa Kifaransa kwa kuwa hubebwa kwapani vivyo hivyo. Saddle ya Dior, mkoba wa umbo la tandiko la farasi, aliichora mbunifu John Galliano mwaka 1999. Ikafifia, na 2018 Maria Grazia Chiuri, mbunifu wa Dior wakati huo, akairudisha. City ya Balenciaga ni ya 2001, nayo imerudi 2024.

Umbo kurudi silioni kosa. Linaloniuma ni bei. Mchoro ulishalipwa na wateja wa miaka hiyo, sasa binti zao wanalipishwa upya, tena zaidi. Nyinyi mwaonaje?

Muuza mikoba, Kongowea

Dadangu, kwa heshima, hapo sikufuati. Mimi nafungua marobota ya mitumba. Zamani hiyo ya kwapani niliilaza chini ya rundo, hakuna aliyeitaka. Leo wasichana wanafika alfajiri kuichagua kabla sijaimwaga yote. Aliyewaamsha ni nani kama si hao wa Milan na Paris? Wakirudisha umbo, mzigo wangu unatoka.

Ila nisiwadanganye: robotani utapata umbo, jina la kampuni ni bahati nasibu. Mwenye kukwambia yote ni asili, mkimbie.

Fundi wa mikoba, Mwembe Tayari

Nyote mwazungumzia umbo, mimi nawaomba mpindue mkoba muangalie ndani. Ngozi ya kweli ya zamani ikiingia kuvu kwa unyevu wetu huu wa bahari, naifuta, naipaka mafuta, naianika kivulini, inarudi. Rekzini, ile ngozi bandia, haina dawa. Ikianza kuchubuka imekwisha, hata iwe mpya ya mwaka jana. Kwa hivyo mkoba wa mama kabatini, kama ni ngozi na mshono haujafumuka, badilisha zipu na bitana tu. Na usiufungie kwenye plastiki, utaoza.

Mwanafunzi wa ubunifu wa mavazi, Nyali

Dada mwanzisha mada, kurudia nako kuna kazi yake. Tazama mkoba wa Jackie wa Gucci. Ni wa 1961, ukapata jina kwa kuwa Jackie Kennedy, mke wa Rais Kennedy wa Marekani, aliubeba sana. Wabunifu wa Gucci waliofuata wakaugusa: Tom Ford 1999, Frida Giannini 2009, Alessandro Michele 2020, na kila mmoja kwa mkono wake. Nakubali, ile 2.55 ya Chanel, mkoba wa Februari 1955, ilirudishwa 2005 karibu vile vile kuadhimisha miaka 50. Lakini hata hapo kuna aliyetunza mkoba wa kwanza, vipimo na namna ya mshono. Bila ghala la kutunzia vya zamani hakuna cha kurudisha.

Mwanzisha mada, Mji wa Kale

Mwanafunzi, neno lako la ghala limenikosesha usingizi. Bei bado nailalamikia, hapo sijasogea. Lakini fikirini hili.

Jane Birkin, mwigizaji na mwimbaji, alikuwa akitembea na kikapu cha kusuka, cha kwendea sokoni. Akiwa ndegeni kutoka Paris kwenda London vitu vikamwagika, na aliyekaa naye ni Jean-Louis Dumas, mkuu wakati huo wa Hermès, kampuni ya mikoba ya Ufaransa. Mazungumzo yao ndiyo yaliyozaa mkoba wa Birkin wa 1984, na ule wa kwanza kabisa uliuzwa mnadani Paris Julai 2025 kwa zaidi ya yuro milioni 8. Asili ya maneno yote hayo ni kikapu!

Nyanyangu alikuwa akichana miyaa, akiitia rangi, akisuka ukili, kisha akiushona kikapu cha kwendea soko la Marikiti. Kila msuko aliuita jina. Mimi nakumbuka majina mawili tu, na kikapu kilichobaki kimeliwa na panya upande mmoja. Umbo lile likitakiwa kesho, sisi wenyewe tutalitoa wapi?

Kesho baada ya Alasiri nampelekea fundi wa Mwembe Tayari hicho kikapu, aniambie kama ule upande unashoneka. Mwenye cha nyanyake, au mwenye mama wa Kwale au Kilifi ambaye bado anasuka, naomba aweke picha hapa na jina la msuko.

Fundi wa mikoba, Mwembe Tayari

Kilete. Usikiloweshe maji njiani.