Ushauri: Posa mbili, ami zangu wanamtaka mwenye nyumba

Assalam alaykum wanabaraza. Baba ameshatangulia mbele ya haki, hivyo mimi ndiye walii (msimamizi wa ndoa) wa dada yangu hapa Lamu. Posa zimekuja mbili, hatujajibu yoyote. Mmoja ana nyumba Shela anazokodisha watalii. Wa pili ni fundi wa majahazi Matondoni, anaishi kwa mama yake.

Yule wa Shela alipoleta zawadi, kijana wa punda aliyembebea mizigo alichelewa kidogo. Alimfokea mbele yetu, ujira akautupa chini auokote. Fundi nilimwona akitoa kalafati yote, ile pamba ya kuziba mianya ya mbao, katika mashua ya mzee mmoja, akaanza upya kwa pamba yake mwenyewe, na mzee hakuwa amelalamika. Dada anamtaka fundi. Ami zangu wasema namtupa dada. Nifanyeje?

Mama Langoni: Mwanangu, huo ujira uliotupwa chini usikutoke akilini. Siku dada yako akiugua, atatazamwa kwa jicho gani? Mtume (s.a.w.) alisema utajiri si wingi wa mali, ni utajiri wa nafsi. Na sisi Lamu tuna Habib Swaleh, yule mwanachuoni aliyetoka Ngazija akawasomesha watoto wa watumwa na masikini ilhali wakubwa wa mji hawakupenda. Mpaka leo Maulidi ya Riyadha, msikiti alioanzisha, yanajaza mji. Nani anauliza alikuwa na nyumba ngapi?

Nahodha: Nakubali, ila unga hununuliwa kwa pesa. Boti za faiba zimejaa, kazi ya jahazi si kama zamani. Muulize wazi: ana deni? Wataishi wapi? Asipokasirika kuulizwa, hiyo nayo ni tabia.

Bi Malindi: Mimi niliozwa tajiri. Nyumba ina kila kitu, na kila siku nakumbushwa ni chake, hata kikombe ninachonywea. Mwacheni achague.

Mwalimu wa Mkomani: Usibishane na ami zako. Mchukue mkubwa wao mwende Matondoni, awaulize wenye mashua kuhusu fundi. Na yule wa Shela mpe haki hiyohiyo: waulize wapishi wake kama hulipwa kwa wakati.

Mwenye uzi: Ahsanteni, Mungu awalipe. Ami mkubwa amekubali, Jumamosi tunakwenda. Fundi nimemuuliza bila kuficha. Hana deni, na chumba cha juu kwa mama yake ameanza kukipiga lipu. Mahari aliyotaja ni ndogo, dada ameiridhia.