Mnaosambaza "Kilwa siku moja, kwenda asubuhi kurudi jioni", mnawaumiza watu

Wakuu, uzi huu ni wa hasira, asiyetaka apite. Kila sikukuu ikikaribia zinaanza kuzunguka zile ratiba za Kilwa: panda gari Dar alfajiri, saa nne upo Kilwa Masoko, saa tano upo kisiwani unapiga picha za magofu, saa tisa unatafuna pweza, usiku umelala kwako Kimara. Aliyeandika hayo hajawahi kusimama gatini Masoko maji yakiwa yamekupwa. Watu wanazifuata, wanakwama, halafu wanarudi hapa kuwatukana manahodha kuwa ni wezi.

Hesabu ya barabara tu inatosha kuiua hiyo ratiba. Kutoka Mbagala Rangi Tatu mpaka Masoko ni kama kilomita 300, mwendo wa saa tano hadi sita gari likiwa zima. Na litasimama, maana Somanga hakuna dereva anayepita bila abiria kushuka kununua samaki wa kukaanga. Ukipanda basi la Lindi au Mtwara, ujue litakuacha njia panda Nangurukuru. Kutoka pale unatafuta daladala ya Masoko, na daladala haiondoki mpaka ijae. Masika (Machi hadi Mei) ndiyo usiseme. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika huko huko Somanga na magari yakalala njiani. Miezi hiyo uliza hali ya njia kabla ya kukata tiketi.

Halafu majina. "Nimefika Kilwa sioni magofu!" Kilwa ipi? Masoko ndiyo makao makuu ya wilaya, yenye gati, benki na gesti. Kivinje ni mji wa zamani upande wa kaskazini, una majumba ya enzi ya Wajerumani na dagaa wa kutosha. Magofu yapo Kisiwani, ng'ambo ya mlango wa bahari. Kuna na Songo Mnara, nayo ina magofu, ipo kusini zaidi. Songo Songo ni kisiwa cha gesi asilia, kiko upande mwingine kabisa. Jina moja ukilikosea kwa nahodha, mnapatana bei ya safari ambayo siyo yako.

Kingine kinachorukwa kila mara ni kibali. Kisiwani na Songo Mnara zimo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981, huendi kama unaenda Coco Beach. Unakata kibali Masoko kwanza, ofisini, saa za kazi. Raia analipa kiwango chake na mgeni chake, kwa hiyo beba kitambulisho. Malipo ya serikali yanapitia kumbukumbu namba, na mtandao ukisumbua mnakaa kwenye benchi. Ukifika Masoko saa nane mchana, lala. Kibali kishughulikie mchana huo huo, uvuke kesho yake mapema.

Sasa maji, jambo ambalo hakuna mwongozo hata mmoja unaoligusa. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na siku mbili tatu baada yake, tofauti ya maji kujaa na kupwa pwani yetu inapita mita 3. Siku hizo maji yanakupwa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni. Kila siku saa hizo zinasogea mbele kwa dakika kama 50: leo yamekupwa saa 4, kesho saa 5 kasorobo, keshokutwa saa 5 na nusu na ushee. Baada ya wiki yamegeuka, yanajaa saa 4 na kukupwa saa 10, ila hayo ni maji mafu, tofauti yake ndogo.

Kwa hiyo mtu anayefuata ratiba yenu ya "saa nne gatini" siku ya bamvua anakuta tope. Kuvuka kwenda Kisiwani bado kunawezekana, mlango wenyewe ni mwembamba, kama kilomita 2, lakini unashushwa mbali na nchi kavu, suruali umeikunja hadi mapajani, simu umeiweka kichwani. Songo Mnara ndiyo balaa. Pale chombo lazima kiingie na maji yanayojaa. Ukichelewa, kinakwama nje ya mikoko na unatembea kwenye tope linalovua viatu. Ukikaa sana baada ya maji kuanza kutoka, chombo kinakaa mchangani na nahodha hana la kufanya, mnasubiri maji yarudi. Huyo ndiye mnayemwita mwizi kwa sababu "alitupotezea muda".

Na upepo je? Kusi ya Juni hadi Agosti, asubuhi bahari imetulia, mchana inachafuka. Ukiwa kwenye mashua ya tanga mchana, mnapigana na upepo na mawimbi huku mmoja akikumba maji na kata. Ondoka kunapambazuka. Jaketi okozi liulize kabla hujapanda, na ulivae badala ya kulikalia.

Bei sitaji, zinabadilika na mafuta. Ila kabla ya kupanda mpatane haya yote kwa pamoja: ni bei ya chombo au ya kichwa, ni kwenda na kurudi, anakusubiri kwa muda gani, mafuta juu ya nani. Malalamiko mengi ya "alinigeuka" yanatokana na kutouliza swali la tatu. Chombo cha abiria wa kijijini kipo na ni rahisi mno, lakini kinaondoka kikijaa na kurudi kwa mahitaji ya wanakijiji. Hakitakusubiri wewe umalize picha.

Kisiwani penyewe beba maji ya kunywa, lita 2 kwa mtu. Gereza (ngome ya zamani) na Msikiti Mkuu viko jirani, Husuni Kubwa, gofu la jumba la sultani, ni mwendo mwingine juani, na wengi wanaikosa kwa kuishiwa nguvu na muda. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine zina miaka 700. Msizipande!

Kuhusu samaki. Mnawaambia watu "nendeni Kivinje mkanunue dagaa bei ya kutupa" bila kuwaambia lini. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa haivuti kitu mwezi ukiwa mpevu, kwa hiyo siku hizo wavuvi wengi wanashona nyavu. Nenda siku za giza, mwezi ukiwa hauonekani. Pweza ni tofauti, yeye ni wa bamvua, mwamba ukiwa wazi. Aliye chini ya nusu kilo ni marufuku, hata akiuzwa kwa bei ya bure usimguse.

Wa kupeleka Dar mtoe matumbo na matamvua hapo hapo, deli liwe na barafu kilo moja kwa kila kilo ya samaki, tabaka kwa tabaka, na tundu la chini liwe wazi maji yatoke. Samaki anayeelea kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka anaoza huku unamwona. Jodari na vibua ndio wa kuogopa zaidi. Wakipata joto saa chache wanatengeneza sumu inayowasha mwili na kuufanya uso uwe mwekundu, na kupika hakuitoi. Mzigo wa biashara unataka kibali cha ofisi ya uvuvi. Na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019, nendeni na vikapu.

NYONGEZA: Anayeuliza kama Ijumaa inafaa: inafaa, ila kati ya saa 6 na saa 8 mchana usitegemee nahodha, yupo msikitini. Vuka alfajiri urudi kabla ya saa 5, au vuka baada ya swala kama maji yanaruhusu. Ramadhani migahawa mingi mchana imefungwa, nunua chakula chako usiku wa kuamkia safari na ule faragha.

NYONGEZA 2: Aliyeandika "mbona mimi nilienda na kurudi siku moja": taja ilikuwa tarehe ngapi ya mwezi mwandamo, tuone maji yalikuwa wapi.