Stadi ya manifoldi ya ekzosi imekatika na nati ya jirani yake imelika pembe: nianzie wapi?

Mkazi wa Raskazone

Assalaam aleykum ndugu zangu. Nina Toyota Corolla ambayo kwa miaka sita imelala nje, nyumba ya tatu kutoka ufukweni hapa Raskazone, na anayeijua Tanga anafahamu upepo wa kusi unavyovitenda vyuma. Gaskiti ya manifoldi ya ekzosi (kizibo kati ya injini na bomba linalokusanya moshi wake) ilianza kufoka kila asubuhi injini ikiwa baridi, nikaamua kuibadilisha mwenyewe. Nati tatu zilifunguka, ingawa moja ilitoka pamoja na stadi yake, yaani ile bolti isiyo na kichwa. Ya nne niliivuta kwa spana namba 12, nikahisi imelainika ghafla, nikashukuru, kumbe ilikuwa stadi inakatika kama kijiti cha muhogo mkavu. Sasa imebaki usawa wa uso wa manifoldi. Nati ya tano ni nzima ila pembe zake zimelika na spana inazunguka bure. Silinda hedi, yaani kichwa cha injini ambamo stadi zimejikita, ni ya alumini. Jirani yangu anasisitiza nitoboe stadi iliyokatika kwa drili, kisha niingize kile chuma cha meno ya kinyume cha kuchomolea bolti. Naomba ushauri kabla sijaharibu zaidi.

Fundi wa Ngamiani

Wa aleykum salaam. Drili iweke chini kwanza, kwa sababu stadi uliyoikata si tatizo lako la leo. Tatizo la leo ni nati ya tano. Flenji ya manifoldi, yaani bapa lake la kufungia kwenye hedi, ina unene wake, na maadamu stadi imekatika usawa wa uso wa flenji, basi manifoldi ikitoka utakuta kipande kimesimama nje ya hedi karibu sentimita nzima. Hicho kipande ni mali. Ukianza kutoboa sasa, mali hiyo unaigeuza kuwa vumbi la chuma.

Nati ya tano usiihurumie, kwani bei yake ni ndogo na unachotaka kukiokoa ni stadi. Isugue kwa brashi ya waya mpaka uone uzi wa stadi (ile mikato ya kuzungushia nati), ipake mafuta ya kulainisha kutu jioni, igonge kwa nyundo ndogo mara ishirini hivi bila hasira, kisha iache ilale na mafuta hayo. Asubuhi chukua soketi ya pembe sita, si ya pembe kumi na mbili, ya namba 11, uipigilie kwa nyundo juu ya nati iliyolika. Kabla ya kufungua, ikaze kidogo sana. Ukisikia mlio mkavu, kutu imevunjika, na hapo unaanza kwenda na kurudi, robo mzunguko kushoto na nusu yake kulia, ukiongeza mafuta. Mtu anayevuta upande mmoja tu huyasukuma makombo ya kutu mbele ya uzi mpaka yanakaba. Soketi nayo ikiteleza, ipasue nati kwa tindo, au ikate kwa msumeno wa chuma sambamba na stadi na usimame kabla ya kugusa uzi.

Manifoldi ikishatoka, mwite mtu wa kuchomelea mwenye mkono mtulivu. Stadi yako ni ya milimita 8, hivyo avishe nati ya milimita 10 juu ya kipande kilichobaki na ajaze katikati kwa kuchomelea. Faida ni mbili: unapata kichwa kipya cha kushika kwa spana, na joto linapita ndani ya stadi yenyewe hadi kwenye kutu. Subirini wekundu uishe kabisa, ndipo mzungushe. Nati ikibanduka si msiba, rudieni. Mimi nimewahi kufika mara nne kwa stadi moja. Betri iondolewe waya wa hasi kabla ya kazi, na klampu ya ardhi ya mashine ya kuchomelea ifungwe karibu na hapo hapo panapochomelewa.

Binti Pongwe

Naongeza tahadhari moja ambayo wengi huidharau. Ikiwa umesafisha eneo hilo kwa dawa ya breki yenye klorini, lazima ikauke yote na mvuke wake uishe kabla moto haujasogezwa, kwa kuwa dawa hiyo ikikutana na joto la kuchomelea hutoa fosijeni, nayo ni gesi ya sumu. Pia msielekeze mwali wa gesi kwenye hedi. Ni kweli kwamba alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, na ndiyo maana kupasha eneo zima kwa kiasi husaidia kulegeza. Lakini alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 hivi, na haibadiliki rangi kukuonya kama chuma kinavyofanya.

Msafiri wa Pangani

Huyo jirani ana nia njema, ila mimi nililifuata shauri kama hilo mwaka juzi na chuma cha kuchomolea kikakatikia ndani ya stadi. Chuma kile kimefanywa kigumu mno, kwa hiyo biti ya kawaida ya drili haikitafuni, inateleza pembeni na kuila alumini. Nilimaliza kwa kushusha hedi nzima na kuipeleka kwa fundi wa kukereza. Kama hamna budi kutoboa, pigeni alama katikati kabisa, anzeni na biti ya milimita 3, na mkiweza kupata biti inayokata kwa kuzunguka kushoto itumieni hiyo, kwa sababu mara nyingine hung'ata na kuitoa stadi yenyewe.

Mkazi wa Raskazone

Narejesha majibu baada ya siku nne. Soketi ya namba 11 iliteleza, nikaipasua nati kwa tindo, na uzi wa stadi haukuguswa. Manifoldi ilipotoka nilikuta kipande kimesimama kama alivyosema Fundi, nikapima kikawa milimita 9. Nilifikiria kukibana kwa nati mbili zilizokazana, lakini nati moja tu ya milimita 8 ina kimo cha zaidi ya milimita 6, hivyo hapakuwa na nafasi. Mchomeleaji alirudia mara tatu. Mara ya tatu kikalia "kwii" na kuanza kuzunguka, nasi tukawa tunakirudisha na kukitoa taratibu kwa karibu nusu saa. Kwenye ncha iliyokuwa ndani ya hedi kulikuwa na unga mweupe, ambao naamini ni alumini iliyoliwa na chumvi.

Stadi zote tano nimeweka mpya, nikasafisha matundu kwa tapu (chuma cha kukatia uzi) ya milimita 8 kwa mkono, nikapaka grisi ya shaba na kufunga nati za shaba. Injini imewaka jana jioni na kufoka kumekwisha. Jumamosi, ikiwa baridi, nitapitia nati zote tena kwa spana kabla ya kurudisha kile kifuniko cha kukinga joto, ambacho nacho bolti zake mbili zimeanza kuonyesha dalili zile zile.