Wii ya mtumba kwa watoto na shosho: ninunue?

MamaWatatu_Umoja
Habari za jioni wadau. Kuna jamaa Luthuli Avenue hapa Nairobi ananiuzia Wii, ile mashine ya gemu ya Nintendo, iliyotoka Marekani, elfu nane, na rimoti mbili na diski ya Wii Sports (gemu ya tenisi, boling na kadhalika). Watoto wanalilia PlayStation, lakini najua kifungua mimba ataing'ang'ania hadi usiku, wadogo wabaki kukodoa macho. Shosho naye anakaa nasi. Mashine ya 2006 si imezeeka mno? Na mbona enzi zake ilivuma hivyo?

Otis_Buru
Ongeza pesa uchukue PS. Picha za Wii hata HD hazifiki.

FundiWaStima
Kuhusu picha Otis hajakosea. Wii inaishia 480p, yaani picha ya mistari 480 tu, na kwenye TV kubwa utaona ukungu. Nintendo walijua hilo tangu mwanzo. GameCube, mashine yao iliyotangulia Wii, iliuzwa kama milioni 21 tu, ikaachwa mbali sana na PS2 (PlayStation 2 ya Sony). Iwata, rais wa kampuni wakati huo, akaona badala ya kugombania wachezaji walewale kwa mashine yenye nguvu, bora atafute watu ambao hawajawahi kugusa gemu. Hao walikuwa wakitishwa na msururu wa vitufe. Hapa unashika rimoti, unarusha mkono kama mcheza tenisi, mpira unarudi. Kule Marekani ilianza kwa dola 250 wakati PS3 ya bei nafuu ilikuwa dola 500, na Wii Sports ikawa ndani ya boksi. Zikauzwa zaidi ya milioni 100.

Ndani ya rimoti kuna chipu inayopima mwendo wa mkono, na pale mbele kamera ndogo ya infraredi, mwanga ambao macho hayauoni. Kile kifimbo cheusi cha kuweka juu ya TV hakipokei chochote, kinatoa tu mwanga huo ambao kamera ya rimoti huuona. Waya wake ukikatika, washa mishumaa miwili mahali pake (mbali na pazia, tafadhali), nayo hutoa mwanga huo, na utacheza.

Sasa mama, angalia adapta kabla ya kutoa pesa. Za Marekani ni za volti 120. Ukiichomeka kwenye soketi yetu ya 240 imeungua hapo hapo. Tafuta ya Uingereza, zote hutoa volti 12 kwa mashine. Diski pia ziwe za Marekani, za Ulaya haitasoma. Na akuwashie hapo dukani, diski ikiwa ndani.

MamaWatatu_Umoja
Asante sana fundi. Shosho goti linamsumbua, ataweza kweli?

FundiWaStima
Boling atacheza akiwa kwenye kochi, ni mkono tu. Lakini kila mtu avae ile kamba ya rimoti. Za kwanza zilikuwa nyembamba, zikakatika na rimoti zikaruka hadi kwenye TV za watu, mpaka Nintendo wakabadilisha kamba zaidi ya milioni tatu. Zako ukizikuta nyembamba, mwambie huyo muuzaji akupe nyingine.

Otis_Buru
Na elfu nane ni nyingi. Anza na nne.