Kumwita mtoto JUMA siku hizi ni kosa la jinai? Nimechefukwa, wakuu

baba_juma
Wakuu, naandika mkono unatetemeka, na si baridi. Jana ilikuwa arobaini ya mwanangu. Ubani umefukizwa, maulidi yameshasomwa, masinia yameshuka. Ndipo yule (mnamjua, kila ukoo umegawiwa wa kwake, anayefika shughulini mpishi bado anachambua mchele) akauliza mtoto anaitwa nani. Nikamwambia Juma.

Kacheka mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Halafu, mbele za watu, paja la kuku mkononi, akasema: "Juma? Katoto kazuri hivi mnakapa jina la mlinzi?"

Jina la mlinzi! Na paja nimenunua mimi!

Mtoto kazaliwa Ijumaa, mlitaka nimwite Jumatano? Babu yangu alizaliwa Alhamisi, akaitwa Hamisi. Akamzaa Juma. Juma akanizaa mimi Hamisi, somo yake babu. Mimi nimemzaa Juma, somo yake baba. Na baba yuko hai, alikuwa pale pale mkekani amempakata mjukuu. Mzee kainama, akajifanya anamfunika mtoto vizuri. Alikuwa ameshafunikwa.

Miaka ya 80 darasani kwetu mwalimu akiita Juma wanaitika sita. Tulikuwa na Juma Mrefu, Juma Kengeza, Juma wa Maandazi. Ubaoni Juma anacheza mpira, Juma anakula ugali. Leo kamaliza ugali, kawa mlinzi!

Mwanawe yeye anaitwa Jayden. Bibi hana meno ya mbele, anamwita "Jirani". Akiita "Jirani, njoo ule", anakuja mtoto wa jirani. Na cheti cha Jayden huyo ukikisoma hadi mwisho unakuta Juma, lile lile la mzee, limefungwa nyuma kama tela.

Paja la kuku, wakuu. Hata hakulitua.

mtoto_wa_tandale
Pole mkuu. Ila mlinzi wa hapa kwetu kweli anaitwa Juma. Nimecheka kama mazuri.

baba_juma
Wa kwetu anaitwa Godfrey. Mbona kina Godfrey hamuwacheki?

chapati_mbili
Uzi mrefu, hoja fupi. Kuku alikuwa wa kienyeji au wa kisasa?

mama_jay
Mimi ni mama Jayden ila jana sikutoka nyumbani, nisiingizwe. Halafu msidhani sisi tuna raha. Chekechea ya mwanangu kina Jayden wako wanne. Kuna Jayden Begi Jekundu, Jayden Mrefu, na wangu ni Jayden Mafua. Nalipa ada yote ile mwanangu aitwe Mafua.

kibajaji
Kwa hiyo Jayden ndiye Juma wa sasa, subirini zamu yake ya kushika rungu getini. Na hilo tela mleta uzi ulitazame vizuri. Fomu zinataka majina matatu tu. Jayden akizaa, anaandika la mtoto, lake, na la baba yake. Juma linadondoka njiani.

njoo_golini
Jina la mlinzi, ndiyo, mlinzi wa lango! Mwaka 2003, Cairo, Zamalek bingwa mtetezi wa Afrika anatolewa na Simba kwa mikwaju ya penalti. Golini kasimama nani? Juma Kaseja. Mwambie huyo mla mapaja atuletee Jayden aliyewahi kudaka pale.

mwananchi_damu
Kaseja huyo huyo si alivaa na jezi ya Yanga? Msijimilikishe.

njoo_golini
Alikuja kuwasalimia tu.

baba_juma
Wakuu, tusitoke nje ya mada. Kasema mbele ya mzee. Mbele ya Juma mwenyewe!

kamau_thika
Sisi Wakikuyu hakuna mjadala. Kijana wa kwanza anaitwa babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, kwisha. Hilo la kizungu weka mbele upendavyo. Shida yangu mimi ni nyingine. Tuko binamu watano wenye jina moja, na mmoja amekopa kila mahali. Simu za wadai nashika mimi. Jana nimeamshwa saa kumi na moja asubuhi nimlipe mtu pikipiki.

sina_raha
Nyie mnalilia majina ya siku za wiki! Mimi naitwa Mashaka, maana mwaka niliozaliwa nyumbani mambo yalikuwa magumu. Mambo yakakaa sawa, mdogo wangu akaitwa Bahati. Bahati ana ghorofa. Mimi nikipeleka barua ya kazi, wa dirishani anasoma jina, ananiangalia, anasoma tena.

mtoto_wa_tandale
Mashaka umenimaliza hahaha. Bahati anakusaidia lakini?

sina_raha
Hapokei simu.

kamau_thika
Mpe namba yangu, mimi napokea zote.

ngwe_tatu
Mimi cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Athumani, kitambulisho Othman, benki Uthman. Watu watatu, mshahara mmoja. Nimeapa kwa wakili mara mbili kwamba mimi ndiye mimi, na mara zote mbili nimelipia.

mama_jay
Wakili gani huyo? Mimi nataka nibadilishe hili la Mafua kabla hajaingia darasa la kwanza.

chapati_mbili
Swali la kuku halijajibiwa.

baba_juma
Wa kisasa.

chapati_mbili
Arobaini ya mtoto unaleta kuku wa kisasa? Basi yule alikuwa anacheka kuku, jina umejishtukia mwenyewe.

mwananchi_damu
Naunga mkono hoja. Pilau bila kuku wa kienyeji ni wali wenye rangi.

ngwe_tatu
Pilau ni nyama ya ng'ombe. Huyo kuku kaingiaje?

baba_juma
Jina la mlinzi, jamani. Mzee kainama.

mwananchi_damu
Ng'ombe ni wa biriani, wewe!