Tupeane uzoefu: uliyewahi kutengwa kanisani, ulirudije? Na kama hukurudi, kwa nini?

Bwana Yesu asifiwe ndugu zangu. Niko Mtwara mjini. Naomba tusitaje jina la kanisa wala la mchungaji, tuseme yaliyotupata tu. Naanza mimi.

Mwaka 2009 nilikuwa na miaka 19, naimba sauti ya kwanza kwaya ya vijana. Nikapata mimba. Sikusingiziwa, nilikosa, na nilishalia mbele za Mungu kabla mtu yeyote hajajua. Wazee wa kanisa wakaniita, na Jumapili iliyofuata jina langu likasomwa baada ya matangazo ya vikao. Miezi sita nisikaribie Meza ya Bwana, na sare ya kwaya niirudishe. Niliifua, nikaipiga pasi, nikampelekea mwalimu wa kwaya nyumbani kwake.

Kijana mwenyewe alikuwa mpiga kinanda wetu. Hakuitwa. Walisema yeye hana ushahidi, mimi ushahidi ninao tumboni. Jumapili ile jina langu likisomwa, yeye ndiye aliyepiga wimbo uliofuata.

Miezi sita ikaisha. Nikasubiri nani atakuja kuniita, hakuja mtu. Nilipomuuliza mzee mmoja akasema niandike barua ya kuomba kurudi kundini. Kwa nini hakuniambia mapema? Nikaandika, nikapokelewa, ila kwaya sikurudi tena. Hadi leo nakaa benchi la nyuma. Karibuni.

Mzee mstaafu, Nachingwea

Binti yangu, pole. Mimi nimekuwa mzee wa kanisa miaka 14, kwa hiyo nasema kama mmoja wa waliotenga watu.

Utaratibu tumeachiwa na Bwana mwenyewe, Mathayo 18. Ndugu yako akikosa, nenda kwanza ninyi wawili peke yenu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Akikataa na hapo, ndipo liambie kanisa. Mimi katika miaka yote ile sikumbuki hata mara moja tuliyoanzia hatua ya kwanza. Tulikuwa tukisikia habari Ijumaa, Jumamosi tunakaa kikao, Jumapili jina linasomwa.

Kitabu chetu kilikuwa na safu ya jina, ya kosa na ya tarehe ya kutengwa. Safu ya tarehe ya kurudi haikuwepo. Nimelifikiria hilo tangu nilipostaafu na linaniuma. Paulo aliyewaandikia Wakorintho wamtoe yule mtu, katika waraka wa pili sura ya pili anawaambia imetosha, msameheni na mfarijini, asije akamezwa na huzuni. Sura ile ya kumtoa mtu tulikuwa tunaijua kwa moyo. Hii ya kumsamehe sikumbuki ikisomwa kikaoni.

Mama wawili, Masasi

Yangu ni ya unyago. Mama mkwe alimchukua binti yangu likizo ya Juni, kurudi nakuta ameshachezwa. Sikuwepo, sikuulizwa, lakini niliyezuiwa ushirika ni mimi, mwaka mzima, kwa kuruhusu mila za giza.

Kilichonichanganya ni kwamba hapa ni Masasi. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Kianglikana hapa kuanzia 1926, aliiingiza jando ndani ya kanisa, ikawa na sala na mapadre wakiwepo. Babu yangu alipita jando hiyo ya Kikristo na akafa Mkristo safi. Mimi kanisa langu ni jingine, najua. Ila nilitamani mtu mmoja akae na mimi aniulize binti alifundishwa nini kule, tuchambue jema na baya. Hakuna aliyeuliza. Walijua neno unyago, likawatosha.

Baba Anna, jirani na Ndanda

Tumsifu Yesu Kristo. Kwetu Wakatoliki hutasomwa jina. Ungamo ni siri, padre hawezi kulitoa hata kwa nini. Lakini mkiishi bila ndoa ya kanisa, kila Jumapili watu wanapanga foleni ya komunyo na wewe umebaki umekaa na mkeo, watoto wanawaangalia. Miaka 11 tulikaa hivyo.

Kilichotuzuia ni sherehe. Tulidhani lazima ng'ombe, ukumbi, muziki, na kila msimu wa korosho tukisema mwaka huu, hela inaishia ada na bati. Mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo ndiye aliyetupeleka kwa padre, akatuambia anahitaji sisi wawili na mashahidi wawili. Tulifunga ndoa Alhamisi misa ya asubuhi, tukanywa chai, nikaenda shamba. Wenye hali kama yetu, msingoje ng'ombe.

Niliyeondoka, Lindi

Mimi sikurudi, na nitasema kwa nini.

Kila msimu tulikuwa tunaahidi kilo za korosho kwa ajili ya kuezeka. Malipo ya mnada yakiingia, tunatoa. Mwaka wa tatu nikauliza kikaoni hesabu isomwe. Wiki ile ile nikahubiriwa madhabahuni kama Kora aliyempinga Musa, na waumini wakaambiwa wasinisalimie. Hapa Lindi Wakristo si wengi, hao ndio waliokuwa ndugu zangu. Baba yangu alipofariki hawakuja. Kaburi walichimba majirani zangu Waislamu, na uji wa waombolezaji wakapika wake zao.

Baada ya hapo nikaanza kuwasema kila nilipokaa. Na hapa nami nitubu: nilisema mchungaji amekula fedha za bati. Sikuwa na ushahidi huo. Nilichokijua ni kwamba hesabu haikusomwa, basi. Nilimfuata nyumbani kwake nikamwomba radhi kwa neno lile moja. Alinikaribisha ndani, tukanywa maji. Hesabu haijasomwa mpaka leo, na hilo nitaendelea kulisema. Msiniite mwasi kwa sababu nasemea nje. Ndani nilisema kwanza.

Mwanzisha mada

Kaka wa Lindi, nimesoma yako mara mbili. Pole sana kwa baba.

Mzee wangu, shikamoo. Asante kwa safu ile ya kitabu. Miaka yote nilidhani mimi ndiye niliyesahauliwa peke yangu.

Mtoto niliyetengwa kwa ajili yake sasa yuko darasa la kipaimara. Juzi tumetoka ibadani akaniuliza, "Mama, mbona nyumbani unaimba vizuri na kwaya huingii?" Sijamjibu. Mliowaambia watoto wenu, mliwaambiaje?